Watu Wawili, Nafasi Moja ya Kazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi Wanaofanya Kazi Dar es Salaam

Maelezo haya yanawahusu wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam, pamoja na waajiri wa sekta binafsi, wanaofikiria kuwaweka watu wawili katika nafasi moja ya kazi, kila mmoja akifanya sehemu ya saa na kulipwa sehemu ya mshahara, ili wote wapate muda wa kusoma. Watumishi wa umma wana sheria na taratibu zao, kwa hiyo hawamo katika majibu haya. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali hayalingani uzito. Swali la kumchagua mwenza ndilo linaloamua mengine yote, ingawa wengi hulikumbuka wakati mikataba imekwisha kusainiwa.

Kugawana nafasi kuna tofauti gani na kufanya kazi ya nusu siku?

Mfanyakazi wa nusu siku akiondoka, shughuli zake humsubiri hadi kesho yake. Katika nafasi inayogawanywa hakuna kinachosubiri: barua aliyoanza kuiandika mmoja asubuhi humaliziwa na mwingine mchana, na mteja aliyeahidiwa jibu saa tisa hulipata saa tisa hata kama aliyemwahidi yuko darasani. Wanaogawana nafasi wanagawana wajibu, na saa hufuata baadaye.

Utaratibu wenyewe si mgeni katika jiji hili. Daladala ina dereva wake na deiwaka wake, yaani anayemshikia usukani kwa muda, na pikipiki moja ya bodaboda mara nyingi hushikwa na vijana wawili, mmoja mchana na mwingine usiku, huku tajiri akipokea hesabu yake kila siku. Kinachokosekana huko ni mkataba, michango ya hifadhi ya jamii na jibu la nani atabeba hasara, na hayo ndiyo yanayochukua nafasi kubwa hapa chini.

Je, sheria inaruhusu?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inatambua aina tatu za mikataba ya ajira: mkataba wa muda usiotajwa, mkataba wa muda maalum kwa makundi yanayoruhusiwa, na mkataba wa kazi maalum. Hakuna aina ya nne iitwayo mkataba wa watu wawili. Maana yake ni kwamba nafasi inaweza kuwa moja, lakini ajira ni mbili, na kila mmoja lazima awe na mkataba wake, saini yake na jalada lake. Mkataba mmoja uliosainiwa na watu wawili huonekana mwepesi siku ya kwanza, kisha huwa kitendawili siku mmoja wao anapougua, anapokosea au anapoondoka.

Kuhusu saa, sheria inaweka ukomo wa juu: siku sita, saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku kwa saa za kawaida za kazi. Haimlazimishi mtu kuzijaza. Saa ishirini na mbili na nusu kwa kila mmoja ni makubaliano halali kabisa, mradi yameandikwa. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi yanayotaja, pamoja na mambo mengine, kazi yenyewe, mahali pa kazi, saa na malipo. Hapo kwenye saa ndipo ratiba ya kugawana inapotakiwa kuwekwa.

Nimchague nani awe mwenza wangu?

Wengi humchagua rafiki, na mara nyingi rafiki huyo anasoma darasa lilelile. Huo ndio uchaguzi mbaya kuliko wote, hata kama marafiki hao hawajawahi kugombana, kwa sababu watu wa darasa moja wana ratiba moja: kipindi kikihamishiwa asubuhi kimehamishwa kwa wote wawili, na wiki ya mitihani ikifika, nafasi nzima inabaki wazi. Mwajiri aliyekubali watu wawili kwa matumaini kwamba daima atakuwa na mmoja atajikuta hana hata mmoja, na hapo hataona tena faida ya mpango huo.

Chukua ofisi ya uhasibu yenye nafasi moja ya karani. Ikiwa wote wawili wanajiandaa kwa mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, wataomba ruhusa Mei, na wataomba tena Novemba, kwa sababu mitihani hiyo hufanyika katika miezi hiyo. Ikiwa mmoja ni mtahiniwa wa NBAA na mwingine ni mwanafunzi wa shahada ambaye mitihani yake ya muhula huangukia mwanzoni na katikati ya mwaka, miezi yao migumu inapishana na kila mmoja anaweza kumfidia mwenzake. Vivyo hivyo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria, anayesoma sehemu kubwa ya masomo yake kwa masafa, anapatana vizuri na mwanafunzi wa chuo cha kuhudhuria darasani, na mwanafunzi wa madarasa ya jioni anapatana na yule wa asubuhi.

Kwa hiyo, kabla ya kuulizana tabia, wekeni kalenda mbili za masomo mezani. Zungushieni duara wiki za mitihani, wiki za kuwasilisha kazi za utafiti, na miezi ya mafunzo kwa vitendo. Duara zikigongana mara moja kwa mwaka, mwajiri anaweza kuvumilia. Zikigongana kila muhula, tafuteni wenza wengine. Tabia huja baada ya hapo, na katika tabia jambo la kuangalia ni moja tu: je, huyu ni mtu wa kuandika alichokifanya, au ni wa kusema “utaona mwenyewe”?

Mahali pa kuishi nako kuna uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwenza anayetoka Gongo la Mboto na mwingine wa Kigamboni hawakutani na foleni ileile wala hawategemei kivuko kilekile, na hilo ni jambo jema, kwa kuwa siku pantoni inapochelewa, mmoja bado yuko upande wa mjini.

Saa zigawanywe vipi?

Kuna namna tatu zinazotumika: kugawa siku, kugawa wiki, na kupokezana wiki nzima. Kwa nafasi ya mapokezi, duka au dawati la huduma kwa wateja, kugawa siku kunafaa. Mmoja aingie saa mbili asubuhi na kutoka saa saba mchana, mwingine aingie saa sita na nusu na kutoka saa kumi na moja jioni. Nusu saa wanayokutana hulipwa wote wawili, na mwajiri asiione kuwa hasara, kwa sababu hiyo ndiyo gundi ya mpango wote. Mgawanyo huu una faida nyingine ya kisheria: mapumziko ya dakika 60 ni haki ya mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano, kwa hiyo zamu ya saa tano au chini yake haikatwi katikati.

Kugawa siku kuna gharama yake, nayo ni nauli na muda wa barabarani. Mwanafunzi anayesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, anayefanya kazi Posta na kulala Mbagala, akigawa siku atazunguka pembe tatu kila siku, na wakati wa masika, maji yanapojaa Jangwani na mabasi ya mwendokasi kusitisha safari, zamu ya mchana inaweza kuanza saa nane bila mtu kuwa na kosa. Kwa huyu, kugawa wiki ni afadhali: Jumatatu, Jumanne na nusu ya Jumatano ni zake, zilizobaki ni za mwenzake, na makabidhiano hufanyika mara moja kwa wiki badala ya kila siku. Kwa wanaosoma Chuo cha Elimu ya Biashara, Taasisi ya Teknolojia au Chuo cha Usimamizi wa Fedha, ambavyo viko katikati ya jiji, na kufanya kazi Kariakoo au Posta, kugawa siku hakuna shida hiyo.

Kupokezana wiki nzima hakufai kwa mwanafunzi wa kuhudhuria darasani, na sioni haja ya kukueleza kwa kirefu.

Mshahara, NSSF na kodi vinakuwaje?

Kila mmoja hulipwa kwa saa zake, na kiwango hakipaswi kushuka chini ya kima cha chini cha sekta husika. Amri ya Mishahara hutaja kima hicho kwa saa, kwa siku, kwa wiki, kwa wiki mbili na kwa mwezi, kwa hiyo mwajiri hawezi kusema kwamba mfanyakazi wa nusu nafasi hana kima cha kulinganishwa nacho. Alinganishe kwa saa.

Mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ni asilimia 20 ya mshahara, ambapo mfanyakazi hukatwa asilimia isiyozidi 10 na mwajiri hulipa inayobaki. Jumla haibadiliki mshahara ukigawanywa. Kodi ndiyo inayobadilika, kwa faida ya wafanyakazi, kwa sababu viwango vya PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, vya Tanzania Bara hupanda kadiri kipato kinavyopanda: shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi, kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, na kinachozidi 520,000 hadi 760,000 hutozwa asilimia 20.

Tuseme nafasi ina mshahara wa 600,000. Mtu mmoja akiishika peke yake atakatwa 60,000 za NSSF, zitabaki 540,000 za kutozwa kodi, kodi yake itakuwa 24,000, na mkononi atapata 516,000. Wawili wakiigawana, kila mmoja ana 300,000, anakatwa NSSF 30,000, zinabaki 270,000, na kodi ni sifuri. Kwa pamoja wanapeleka nyumbani 540,000, bila mwajiri kuongeza hata senti kwenye mshahara.

Tahadhari moja: mwenye ajira nyingine ya msingi mahali pengine hapati nafuu hiyo, kwa sababu ajira ya pili hukatwa kodi kwa kiwango cha juu kabisa cha asilimia 30. Mweleze mwajiri mapema ni ipi ajira yako ya msingi.

Mwajiri anaingia gharama gani za ziada?

Anawafundisha kazi watu wawili badala ya mmoja, analipa ile nusu saa ya kukutana, na mhasibu wake anaandaa hati mbili za mshahara. Hizo ni gharama ndogo. Iliyo kubwa, na ambayo waajiri wadogo hushtukizwa nayo, ni tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL. Tozo hiyo humhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi, na wa muda huhesabiwa pamoja na wa kudumu. Duka lenye wafanyakazi tisa likigawa nafasi moja kwa wawili linakuwa na kumi, na kuanzia hapo tozo inapigwa kwenye malipo ya wafanyakazi wote. Mwanafunzi anayepeleka ombi kwa mwajiri wa namna hiyo afahamu kwamba kukataliwa kwake huenda hakuhusiani na uwezo wake hata kidogo.

Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hulipwa na mwajiri peke yake na huhesabiwa kwa mishahara, kwa hiyo kugawa nafasi hakuuongezi.

Makabidhiano yafanyikeje?

Kwa maandishi, mahali pamoja, kila siku au kila mnapobadilishana. Ujumbe wa simu hautoshi, kwa kuwa hufutika, hukaa kwenye simu ya mtu binafsi, na mwajiri hawezi kuusoma mnapokuwa wote mko kwenye mitihani. Daftari kubwa la mistari linatosha. Katika duka la vifaa vya ofisi ambalo pia lina huduma ya wakala wa fedha, ukurasa mzuri wa daftari hilo husomeka hivi:

“Jumanne, saa saba mchana. Taslimu kwenye droo 412,500. Floti 1,180,000. Mteja wa rimu tano za A4 ameacha 30,000, anarudi saa kumi kumalizia, rimu zake ziko chini ya meza, usiziuze. Mashine ya risiti imekwama mara mbili asubuhi, fundi amepigiwa simu, hajafika. Bosi anataka orodha ya wanaodaiwa kabla ya kufunga. Nimefika herufi M.”

Chini yake wote wawili wanasaini, anayetoka na anayeingia, baada ya kuhesabu fedha pamoja. Tazama kwamba sentensi ya mwisho inasema kazi ilipofikia. Wengi huandika walichokifanya na kusahau kuandika wamekomea wapi, na mwenzao huanza upya kutoka herufi A.

Fedha zikipungua, nani analipa?

Anayelipa ni yule ambaye imethibitika kwamba upungufu ulitokana na kosa lake, si “wote wawili nusu kwa nusu”. Sheria inamruhusu mwajiri kumkata mfanyakazi mshahara kwa ajili ya hasara ikiwa tu hasara ilitokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo, naye amepewa nafasi ya kujieleza, makato hayazidi hasara halisi, na jumla yake haizidi robo ya mshahara. Kifungu cha mkataba kinachosema kwamba wenza watabeba hasara kwa pamoja bila kuangalia kosa ni kifungu cha kukataa kusaini. Ukurasa wa makabidhiano wenye saini mbili ndio utakaokutetea, na usipokuwepo, mtabaki mnanyoosheana vidole mbele ya mwajiri ambaye naye hajui amwamini nani.

Likizo tunapata nusu? Na mitihani je?

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo kwa kila mfanyakazi katika mzunguko wa miezi 12, sikukuu zinazoangukia humo zikiwemo. Sheria inahesabu siku za kalenda, kwa hiyo kila mmoja anachukua siku zake 28 na kulipwa mshahara wake wa kawaida, yaani ule wa nusu nafasi. Haki ya likizo yenye malipo, hata hivyo, haimhusu mwenye utumishi wa chini ya miezi sita.

Likizo ya mitihani haimo kabisa katika sheria hiyo. Tena anayepanga wakati wa likizo ya mwaka ni mwajiri, kwa hiyo usiingie muhula ukitegemea kwamba siku zako 28 zitaangukia wiki ya mitihani kwa bahati. Andikeni kwenye mkataba kwamba kila mmoja ataleta ratiba ya mitihani mara tu chuo kinapoitoa, kwamba mwenzake atamfidia, na kwamba saa zilizofidiwa zitalipwa kwa aliyezifanya au zitarudishwa muhula unaofuata. Njia zote mbili zinafaa. Kinacholeta ugomvi ni kutochagua. Anayefidia asivuke saa 12 kwa siku, na saa zinazopita 45 kwa wiki zilipwe mara moja na nusu.

Mafunzo kwa vitendo yanapofika tufanye nini?

Hapa ndipo mipango mingi huvunjika, kwa sababu fildi huchukua siku nzima kwa wiki kadhaa mfululizo, na mwenza hawezi kufidia muda wote huo na bado akasoma. Jaribu kwanza kuuliza idara yako kama mahali pako pa kazi panakubalika kuwa mahali pa mafunzo. Karani wa uhasibu anayesoma uhasibu ana hoja nzuri, mpokeaji wageni anayesoma uhandisi hana. Ikishindikana, ombeni kwamba nafasi ijazwe na mtu wa tatu kwa wiki hizo, na muwe mmemtafuta ninyi wenyewe, mmempeleka kwa mwajiri na kumfundisha kabla hajaingia.

Naweza kumtuma ndugu yangu anishikie zamu bila mwajiri kujua?

Hapana. Mtu asiyekuwa kwenye orodha ya wafanyakazi akiumia kazini, madai yake ya fidia yataanza kwa mgogoro wa kama alikuwa mfanyakazi au la, na wewe uliyemwingiza umempa mwajiri sababu ya kukufungulia shauri la nidhamu.

Mwenzangu akiacha kazi, na mimi nimefukuzwa?

Hujafukuzwa. Ajira yako inajitegemea, na kuondoka kwa mwenzako si kosa lako. Mwajiri ana njia tatu: kukuomba uchukue nafasi nzima, kutafuta mwenza mpya, au kusema kwamba nusu nafasi haiendeshi shughuli zake. Njia hii ya mwisho ni kusitisha ajira kwa sababu za kiuendeshaji, na ina utaratibu wake: kutoa taarifa, kueleza sababu na kushauriana nawe kabla ya uamuzi. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali, jambo ambalo wanafunzi wapya wanapaswa kulijua. Kwa usalama wa wote, mkataba utaje muda wa kumtafuta mwenza mpya. Mwezi mmoja ni haba, miezi miwili inatosha. Anayeacha naye anadaiwa notisi isiyopungua siku 28 kama analipwa kwa mwezi.

Nina mkopo wa Bodi ya Mikopo tangu shahada ya kwanza. Utakatwa?

Ndiyo, asilimia 15, na hukatwa katika mshahara wako wa nusu nafasi. Pigeni hesabu hiyo kabla ya kukubali kiwango cha mshahara.

Mimi ni mwanafunzi kutoka nje ya nchi. Naweza kuwa mwenza?

Kibali cha ukaazi cha mwanafunzi, yaani Daraja C, si kibali cha kazi. Bila kibali cha kazi, wewe na mwajiri wako mnavunja sheria, hata kama ni saa mbili kwa siku.

Mgogoro ukitokea twende wapi?

Anzeni kwa mwajiri, kwa barua yenye tarehe na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Isipotatuliwa, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza Fomu Namba 1. Madai ya kuachishwa kazi isivyo halali yafikishwe ndani ya siku 30, na madai mengine, kama mshahara au makato, ndani ya siku 60. Siku hizo hazisimami kwa sababu ya mitihani. Kila mmoja hupeleka shauri lake kwa jina lake, hata kama lalamiko ni lilelile.

Nikihitimu, nafasi nzima inakuwa yangu?

Haiwi yako kwa sababu tu umehitimu. Mwenzako bado ana nusu yake na mkataba wake. Mnachoweza kufanya ni kukubaliana tangu mwanzo, kwa maandishi, kwamba mmoja akiondoka au nafasi ikiunganishwa tena, aliyebaki ataulizwa kwanza kabla ya tangazo kutoka nje. Waajiri wengi hukubali kifungu hicho bila ubishi, kwa kuwa kinawaokolea gharama ya kumfundisha mtu mgeni.